Msuli wa kibofu: jinsi ya kujua kama umechachamaa au umelegea, na la kufanya

Watu wawili wanaweza kuwa na lalamiko moja, "mkojo unanitoka bila kupenda", na dawa inayomponya mmoja ikamkimbiza mwenzake hospitali usiku wa manane, tumbo limevimba na tone halitoki. Nguo iliyolowa haisemi tofauti yao. Tofauti iko kwenye msuli. Wa kwanza msuli wake unakaza kabla ya wakati. Wa pili msuli wake hauna nguvu ya kusukuma, au unasukuma njia iliyoziba, kwa hiyo kibofu kinajaa mpaka kinafurika.

Hili nimelishuhudia nyumbani. Baba yangu uzeeni alianza kulowesha kitanda, akaandikiwa dawa ya kutuliza kibofu bila mtu kupima ni mkojo kiasi gani unabaki baada ya kukojoa. Siku ya tatu hakuweza kukojoa kabisa. Alipowekewa mpira wa kutoa mkojo ilitoka zaidi ya lita 1. Tezi dume ilikuwa imembana kwa miaka, na kile tulichokiona kitandani kilikuwa ni mafuriko.

Kwa sababu hiyo nitaanza na msuli wenyewe, kisha tutaupima kwa kalamu na jagi, na mazoezi na dawa vitakuja baadaye. Naomba usiruke hatua ya 2 na ya 3, hata kama umechoka na unataka nafuu leo hii.

Hatua ya 1: Uelewe msuli wenyewe

Ukuta wa kibofu umefumwa kwa nyuzi za msuli zinazopishana kila upande, mfano wa kikapu. Madaktari huuita ditruza. Ni msuli laini, ndugu wa misuli ya utumbo, ndiyo maana huwezi kuuamuru kama unavyoamuru mkono. Figo hutengeneza mkojo mchana na usiku, kwa mtu mzima mara nyingi kati ya lita 1 na 2 kwa siku, na mirija miwili huushusha kibofuni kidogo kidogo.

Karibu siku nzima kazi ya msuli huu ni kulegea. Kibofu chenye afya hutanuka bila presha ya ndani kupanda sana, na hilo ndilo linalozilinda figo, maana presha ikikaa juu mkojo hushindwa kushuka vizuri. Mtu mzima huanza kuhisi mkojo ukifika mililita 150 hadi 250 hivi, na anaweza kubeba 400 hadi 600. Kwa mtoto kuna hesabu rahisi: chukua umri wake, ongeza 1, zidisha kwa 30. Wa miaka 5 hubeba kama mililita 180. Ukijua hivyo utamwonea huruma mtoto anayeomba kwenda chooni mara kwa mara safarini.

Chini ya kibofu kuna malango mawili. La ndani, shingoni mwa kibofu, hujifunga lenyewe. La nje linashikwa kwa hiari yako, likisaidiwa na misuli ya sakafu ya nyonga, na ndilo unalolibana foleni ya choo ikiwa ndefu.

Mawasiliano hupita kwenye neva za aina tatu. Kibofu kinapojaa, neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kati ya sehemu ya chini ya kifua na sehemu ya juu ya kiuno huuambia msuli ulegee na lango la ndani libane. Wakati wa kukojoa ukifika, neva zinazotoka mwisho wa chini wa uti wa mgongo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli hukaza. Neva za tatu ndizo zinazolishika lango la nje. Wote hawa wana msimamizi kwenye shina la ubongo, kituo alichokieleza mtafiti Barrington mwaka 1925. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba msuli ukikaza, malango yanafunguka wakati huo huo. Juu yake tena, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayosema "bado, ngoja kwanza". Mtoto mchanga hana breki hiyo, huijenga polepole. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kuipoteza kwa siku moja.

Hatua ya 2: Andika daftari la mkojo kwa siku tatu

Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kwa maoni yangu ndicho chenye faida kuliko vyote. Tafuta jagi lenye alama za mililita litakalotumika kwa kazi hii tu. Chagua siku tatu, angalau moja iwe ya kazi na moja ya mapumziko. Kila unapokunywa andika saa, aina ya kinywaji na kiasi. Kila unapokojoa andika saa, mililita, na namba ya jinsi ulivyobanwa: 0 hukubanwa kabisa, 1 kidogo, 2 sana lakini ungeweza kungoja, 3 ilibidi ukimbie. Mkojo ukikutoka andika ulikuwa unafanya nini wakati huo: ulikohoa, ulinyanyua mzigo, ulisikia maji ya bomba, ulikuwa unafungua mlango wa nyumbani, au ulikuwa umekaa tu. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Saa 4:20 asubuhi, ml 110, namba 3, nilivuja kidogo nikiweka ufunguo mlangoni."

Weka alama saa uliyolala na saa uliyoamka. Mkojo wote uliokuamsha usiku, pamoja na ule wa kwanza asubuhi, unahesabiwa kuwa wa usiku. Usipunguze kunywa eti daftari lipendeze. Unataka kuona mambo yalivyo.

Hatua ya 3: Lisome daftari lako

Kaa nalo kwa utulivu na uangalie kiasi kabla ya kuangalia idadi ya safari. Mtu mzima kukojoa mara sita au saba mchana ni kawaida. Mara nane na zaidi si kawaida, lakini sababu yake inategemea unatoa kiasi gani kila mara.

Kama unatoa kidogo kidogo, mililita 80 hadi 150, na namba 3 zimejaa ukurasa, hasa ukivuja njiani kuelekea chooni, msuli wako umechachamaa. Unakaza kibofu kikiwa bado na nafasi. Nenda hatua ya 5, lakini pitia kwanza hatua ya 4.

Kama unavuja ukikohoa, ukicheka, ukiruka au ukinyanyua kitu, bila kubanwa kabla yake, tatizo liko kwenye lango na sakafu ya nyonga. Ditruza hana hatia hapo. Hali hii ni ya kawaida baada ya kujifungua, na kwa wanaume baada ya upasuaji wa tezi dume. Mazoezi ya nyonga ya hatua ya 5 yanakuhusu sana, dawa za kutuliza kibofu hazikuhusu. Wapo wengi wenye vyote viwili, na hao huanza na kile kinachowasumbua zaidi.

Kama mkondo ni mwembamba, unakatika katika, unasubiri muda kabla haujaanza, na ukiinuka unahisi umebakisha, msuli umelegea au njia imeziba. Dalili za hayo mawili zinafanana kiasi kwamba hata daktari hawezi kuyatenganisha kwa macho.

Kama kila safari ni mililita 300 au 400 na jumla ya siku inapita lita 3, kibofu chako kinafanya kazi yake vizuri. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni kwa nini mkojo ni mwingi: sukari kwenye damu, dawa za kupunguza maji mwilini, au mazoea ya kunywa kupita kiasi.

Kukojoa sana usiku kuna hesabu yake. Kwa mtu wa makamo na mzee, ikiwa zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa saa 24 unatoka usiku, usilaumu kibofu. Miguu iliyovimba mchana hurudisha maji kwenye damu ukilala. Moyo dhaifu hufanya hivyo hivyo. Kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usingizini nako huziambia figo zitoe mkojo zaidi. Nimekutana na watu waliokula dawa za kibofu mwaka mzima kwa jambo ambalo lingepungua kwa kuinua miguu saa chache kila alasiri.

Kuna hali moja ambayo haitakiwi kusubiri mazoezi yoyote. Mwanamke anayetokwa na mkojo mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uzazi mgumu au upasuaji wa nyonga, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hutibiwa kwa upasuaji, na wengi hupona. Asiambiwe avumilie.

Hatua ya 4: Ondoa kwanza yale ya hatari

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukishindwa kukojoa ilhali tumbo la chini limejaa na linauma, au ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu, inahitaji uchunguzi wa mapema. Inaweza kuwa maambukizi, mawe, kichocho au saratani, na saratani ya kibofu huwapata zaidi wavutaji wa sigara.

Dalili moja watu huipuuza kwa kuona haya. Ikiwa una maumivu ya mgongo na ghafla unahisi ganzi sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli, miguu inakosa nguvu, na mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, neva za mwisho wa uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa. Hapo kila saa ina thamani. Neva zikichelewa kuachiliwa, kibofu kinaweza kisirudi tena.

Hata pasipo dalili hizo, pima mkojo kutafuta maambukizi na pima sukari kabla ya kuanza chochote. Maambukizi ya njia ya mkojo huiga msuli uliochachamaa kwa kila hali.

Hatua ya 5: Kama msuli umechachamaa, ufundishe upya

Kibofu hufundishika. Anayekwenda chooni kila anapohisi kidogo hukizoesha kudai kila kikipata kidogo, na njia ya kurudi ni ile ile, kwa mwendo wa polepole.

Anza na vinywaji. Kahawa, chai kali, kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe humsumbua mwenye msuli wa namna hii. Punguza kafeini kwa wiki moja au mbili, usiikate ghafla, kichwa kitakuuma. Maji usiyakate. Mkojo ulioiva, wa njano nzito, unawasha kibofu na kukizidishia haraka. Lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku zinatosha watu wengi, isipokuwa kama daktari wa moyo au figo amekupangia kiwango chake, au uko kwenye joto kali. Tibu choo kigumu kwa bidii, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu na kuchokoza neva zile zile. Mwenye uzito mkubwa akipungua, hata kuvuja hupungua.

Kisha jifunze kubana sakafu ya nyonga. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyaandika mazoezi haya mwaka 1948, lakini wanaume nao wanayahitaji. Jifanye unazuia upepo usikutoke mbele za watu, halafu hapo hapo kama unayezuia mkojo. Utahisi kitu kinavutwa juu kwa ndani. Matako, mapaja na tumbo vitulie, na pumzi isikatike. Bana kwa sekunde 5, ukiimarika ufike 10, kisha legeza kwa muda ule ule, maana kulegeza ni nusu ya zoezi. Fanya mara 8 kwa raundi, raundi tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kabla ya kusema hayafai. Usifanye mazoezi haya ukiwa katikati ya kukojoa, utakizoesha kibofu kuacha kazi nusu. Na kama una maumivu ya nyonga au unapata shida kuanza mkojo, sakafu yako inaweza kuwa imekaza tayari. Mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Silaha hiyo utaitumia pale haja inapokuvamia. Haja ya namna hii huja kama wimbi: inapanda, inafika kileleni, inashuka. Watu wengi hukimbia wimbi likiwa kileleni, na hapo ndipo wanapolowa. Wewe simama, au keti kama kuna mahali. Bana haraka haraka mara tano au sita. Kubana lango la nje kunapeleka ujumbe unaoutuliza msuli wa kibofu, ni maumbile, hata usipoamini hufanya kazi. Pumua taratibu, hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa 7, au fikiria jambo lolote linalohitaji akili. Wimbi likishuka, tembea, usikimbie. Wanaobanwa wakigusa kitasa cha mlango wafanye hivi kabla hawajatoa ufunguo mfukoni.

Sasa weka ratiba. Rudi kwenye daftari, tafuta muda unaokaa bila shida, tuseme dakika 60. Wiki ya kwanza nenda chooni kila dakika 60 ukiwa macho, umebanwa au hukubanwa. Wiki inayofuata ongeza dakika 15. Wiki ikikushinda irudie. Unalenga kufika saa tatu hadi nne. Jipe angalau wiki sita, na tarajia siku mbaya, hasa ukiwa na mafua au hedhi ikikaribia. Acha pia ile tabia ya kwenda "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani.

Kwa mtoto anayekojoa kitandani, ratiba hii ya mtu mzima haifai, na kiboko hakifai kabisa. Kabla ya miaka 5 hilo halihesabiwi kuwa ugonjwa. Baada ya hapo sababu huwa ni mkojo mwingi wa usiku, kibofu kidogo au usingizi usioamshwa na kibofu, na mara nyingi choo kigumu kinachangia. Hakuna hata moja ambayo mtoto ameichagua. Aliyekuwa amekauka miezi kadhaa kisha akaanza tena apimwe, hasa sukari.

Mazoezi yasipotosha, zipo dawa. Oksibutinini, tolterodini na solifenasini huzuia asetilikolini isiufikie msuli. Hukausha kinywa, hufunga choo, hufifisha uoni, na kwa wazee zinaweza kuleta mkanganyiko wa akili, oksibutinini hasa. Mwenye glakoma (presha ya jicho) ya pembe nyembamba isiyotibiwa au anayebakisha mkojo mwingi asipewe. Mirabegroni hupita njia nyingine, huongeza nguvu ya ile amri ya kulegea, kwa hiyo haikaushi kinywa kiasi hicho, lakini inaweza kupandisha shinikizo la damu, hivyo lipimwe. Zote zinahitaji wiki nne hivi kabla ya kuzihukumu.

Zikishindikana kuna sindano ya sumu ya botulini ndani ya ukuta wa kibofu, kwa kawaida uniti 100, ambayo huutuliza msuli kwa miezi 6 hadi 9 hivi. Anayeikubali awe tayari kujifunza kutumia mpira wa kutoa mkojo, maana kwa baadhi ya watu msuli hutulia kupita kiasi. Upo pia uchochezi wa neva kupitia kifundo cha mguu kwa sindano nyembamba na umeme mdogo, dakika 30 kila wiki kwa wiki 12, na kifaa kinachopandikizwa karibu na neva za chini ya mgongo.

Hatua ya 6: Kama msuli umelegea au njia imeziba

Kisukari kinaongoza kati ya vinavyoulegeza msuli. Sukari huharibu kwanza neva za kuhisi, hivyo mgonjwa hujisifu kwamba anakaa nusu siku bila kubanwa, kumbe kibofu kinavutwa kama puto mpaka nyuzi zake zinachoka. Umri, upasuaji wa nyonga na ganzi ya wakati wa kujifungua ikiachwa bila kukitoa kibofu mkojo pia huchangia. Kuziba kwa muda mrefu nako kunaishia hapa. Tezi dume ikibana, msuli huanza kwa kunenepa ili usukume kwa nguvu, na wakati huo mtu huwa na haraka na kuvuja kama aliyechachamaa, kisha miaka ikipita nguvu inaisha.

Angalia kabati lako la dawa. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hubana lango la ndani. Dawa za mzio zinazolaza, amitriptilini na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hudhoofisha msuli. Kidonge kimoja cha mafua kinaweza kumziba kabisa mzee mwenye tezi dume. Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuongea na aliyekuandikia.

Ukiwa chooni, keti, hata kama wewe ni mwanaume. Nyayo zikanyage chini, egemea mbele, viwiko magotini, na legeza taya na tumbo. Mwanamke asining'inie juu ya choo bila kukigusa, mapaja yakikaza sakafu ya nyonga nayo hukaza. Usisukume kwa tumbo. Ukimaliza, baki hapo dakika moja au mbili, inuka, tembea hatua chache, keti tena na ujaribu mara ya pili. Nenda kwa saa, kila baada ya saa tatu au nne, usisubiri kuhisi.

Kisha omba kipimo cha mabaki. Ni ultrasaundi ya tumbo la chini mara tu baada ya kukojoa, haiumi na haichukui dakika tano. Chini ya mililita 50 ni vizuri. Zaidi ya 200 panahitaji ufuatiliaji. Kipimo cha kasi ya mkondo husaidia pia: kwa mwanaume, chini ya mililita 10 kwa sekunde kunaashiria kuziba au kulegea, na kipimo cha presha ndani ya kibofu ndicho kinachotenganisha hayo mawili. Presha juu na mkondo dhaifu ni kuziba. Presha chini na mkondo dhaifu ni kulegea. Kabla ya upasuaji wa tezi kwa mtu ambaye msuli wake una mashaka, kipimo hiki kina thamani, kwa sababu kufungua njia hakuupi nguvu msuli uliokufa.

Kwa tezi dume, tamsulosini na wenzake hulegeza lango la ndani. Inuka polepole kitandani, zinashusha shinikizo la damu, na mwambie daktari wa macho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwamba umewahi kuzitumia.

Msuli ukishindwa kabisa, njia salama ni kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba kisha kuuondoa. Daktari Jack Lapides wa Marekani ndiye aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida wa mikono na kifaa unatosha, na kwamba kutokiacha kibofu kijae kupita kiasi ndiko kunakozuia maambukizi. Muuguzi atakufundisha. Nawa mikono kwa sabuni, safisha tundu la mkojo, paka mpira kilainishi. Mwanaume ainue uume juu kuelekea tumboni ili njia inyooke. Mwanamke mwanzoni atumie kioo. Sukuma taratibu. Ukikutana na ukinzani usilazimishe, vuta pumzi, ngoja lango lilegee, uendelee. Mkojo ukikoma vuta polepole, ukisimama kila matone yanapoanza tena. Mara 4 hadi 6 kwa siku, kiasi kisipite mililita 400 hadi 500 kwa mara moja. Ukiona unatoa 700, ongeza safari. Watu huogopa sana siku ya kwanza, na wengi baada ya wiki mbili hawaukubali tena mpira wa kukaa ndani, ambao kwa muda mrefu huleta maambukizi na mawe.

Hatua ya 7: Kama kuna ugonjwa wa ubongo au uti wa mgongo

Hapa mahali pa jeraha panaamua kila kitu. Kiharusi na ugonjwa wa Parkinson huondoa breki ya juu, lakini kile kituo cha shina la ubongo bado kinapatanisha msuli na lango. Mara nyingi mtu huwa na haraka tu, na hatua ya 5 humfaa, akisaidiwa kufika chooni kwa wakati.

Jeraha la uti wa mgongo lililo kati ya kituo hicho na neva za chini hukata mapatano. Kwa wiki za mwanzo kibofu hulala kabisa. Kikiamka, msuli hukaza na lango hubana kwa wakati mmoja, vinapigana, na presha hupanda kimyakimya. Presha ikikaa juu ya sentimita 40 za maji, ndivyo presha ya kibofu inavyopimwa, figo zinaharibika, hata kama mgonjwa hasikii maumivu. Kwa hiyo mtu aliyevunjika mgongo, na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hawasubiri dalili: wanapimwa presha ya kibofu na figo kwa ratiba tangu mwanzo.

Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, yeye na anayemtunza wajue hali moja. Kichwa kikianza kumgonga ghafla, uso ukawa mwekundu na kutoka jasho, shinikizo la damu limepaa, na mara nyingi ni kibofu kilichojaa. Mketisheni wima, legezeni nguo, kagueni kama mpira umekunjika au umeziba, toeni mkojo mara moja. Isipotulia kwa dakika chache, ni dharura ya hospitali.

Hatua ya 8: Siku ya kumwona daktari

Beba daftari la siku tatu, dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, na orodha fupi ya upasuaji na uzazi uliopitia. Sema wazi neno linalokukera zaidi, hata kama ni aibu ya kulala na mwenzako au harufu ya nguo. Ukitajiwa dawa ya kutuliza kibofu, uliza: "Mkojo unaobaki umepimwa?" Kama jibu ni hapana, omba upimwe kabla ya kuanza, hasa ukiwa mwanaume wa makamo au zaidi, mwenye kisukari, au mwenye mkondo dhaifu.

Ukianza dawa, andika daftari tena baada ya wiki nne, siku tatu vilevile, na uliweke kando ya lile la kwanza. Mililita kwa kila safari zikiongezeka na namba 3 zikapungua, dawa inafanya kazi. Safari zikipungua lakini mkondo umekuwa mwembamba, unasubiri kuuanza, au tumbo la chini limekaza, usimeze kidonge kinachofuata. Nenda ukapimwe mabaki siku hiyo hiyo.